Ongeza Tatu

Kiti cha plastiki kililetwa Jumamosi asubuhi. Kilikuwa cheupe, karatasi ya dukani bado imebandikwa mgongoni, na mlinzi wa nyumba ya ng'ambo hakukiweka chini. Alikidondosha tu mbele ya geti la mbao la Mzee Tepu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Bosi anasema pole kwa benchi," alisema.

"Bosi mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo ndani."

"Miguu yake mizima?"

Mlinzi akacheka kidogo, akaona mzee hacheki, akavuka barabara na kupotelea nyuma ya geti la chuma ambalo mtu angelazimika kupanda mabega ya mwenzake ili achungulie ndani.

Mzee Tepu alikuwa amepiga magoti penye michongoma, anaokota vipande vya saruji. Benchi lile alilitengeneza kwa mikono yake mwaka waliohamia. Aliliweka katika pengo la michongoma, mgongo kwa nyumba na uso kwa barabara, na kwa miaka zaidi ya arobaini mke wake alikuwa akikaa hapo kila alasiri. Ijumaa jioni pikapu ya Bwana Yadi ilitoka getini kwa rivasi, ikakosa nafasi ya kukata kona, ikapanda ukingo wa barabara na kulipasua benchi vipande vitatu. Mke wa mzee alikuwa ameinuka dakika chache tu kabla, kwenda kunywa dawa ya nyonga.

"Nyonga hii mbovu," alisema baadaye, "jana imenilipa fadhila."

Yeye aliligeuza mzaha. Mumewe hakuligeuza mzaha. Alikiinua kiti cha plastiki kwa vidole viwili, akakipeleka pembeni mwa nyumba, akakipindua miguu juu.

"Hakikaliwi," alisema. "Hakikaliwi na mtu wala paka. Kitakaa hivyo mpaka siku nitakayokirudisha mwenyewe."

"Na mimi nitakaa wapi, baba?"

Swali hilo lilimuuma mzee kuliko benchi.

Hasira ile huwezi kuielewa mpaka uujue mtaa wenyewe ulivyokuwa. Nyumba zote zilijengwa kwa ramani moja, kila moja na uwanja wa mbele wa hatua tano, na manispaa ya wakati ule ilikuwa na kanuni kwamba michongoma ya mbele isizidi kiuno cha mtu mzima. Waliotunga kanuni hiyo huenda walifikiria usafi tu. Lakini kiuno ni kipimo cha ajabu. Ukimwagilia maua unamwona jirani anayemwagilia ya kwake. Mtoto akianguka barabarani anaokotwa na aliye karibu, na kama ni mtundu anachapwa na huyo huyo. Kutoka njia panda hadi dukani ni hatua mia mbili, na mtu mwenye adabu alizitembea kwa nusu saa, kwa sababu kila ua ulikuwa na mtu na kila mtu alikuwa na salamu.

Mke wa mzee alikaa katikati ya yote hayo. Nyonga ilipoanza kumsumbua na miguu ikakataa safari, hakuona amepungukiwa, maana watu walimjia. Jirani yao nesi akitoka zamu aliketi naye. Mwalimu alimsomea barua za watoto wao walio mbali. Alijua nani anaumwa, nani kafaulu, nani kanuna.

Kisha akahamia Bwana Yadi. Kazi yake ilikuwa kuuza magari yaliyotumika, na yadi yake ya mjini ilipojaa aliamua nyumbani pawe yadi ya pili. Wiki ya kwanza aling'oa michongoma. Wiki ya pili akalisogeza baraza mbele kwa upande mmoja, akamwaga zege uwanja uliobaki, kutoka nyumba hadi barabarani. Wiki ya tatu ukuta ukaanza kupanda. Salamu hakuwa nazo. Alipita kioo kikiwa juu, akapiga honi, pii, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo.

"Sasa mimi nimjibu nini?" mzee aliwahi kumuuliza mkewe. "Marahaba, pii?"

Ukuta mmoja ukazaa mwingine. Mwalimu alinunua gari, akataka pa kuliweka. Nesi alisema wezi wataacha nyumba zenye kuta waje kwake asiye na ukuta, akajenga. Jirani wa kulia akajenga kwa sababu wa kushoto kajenga. Na kwa kuwa nyuma ya kuta palijaa magari, yaliyobaki yaliegeshwa nje, pande zote mbili za barabara, pua kwa buti. Watu wa miguu wakahamia katikati ya njia, wakitembea upesi huku wakigeuka nyuma, na mtu anayegeuka nyuma hana muda wa kukuuliza watoto hawajambo. Ndani ya miaka mitano mtaa ukawa kama ujia wa hospitali. Michongoma ilibaki kwa Mzee Tepu peke yake.

"Mzee, michongoma yote hii ya nini, unafuga mbuzi siku hizi?" mwalimu alimtania siku moja, na majirani waliokuwa wakiosha magari wakacheka hadi wakaangusha matambara.

Mke wa mzee aliendelea kukaa kwenye benchi lake. Mbele yake palikuwa na bampa la gari, siku nyingine jekundu, siku nyingine jeusi. Mwanzoni alilalamika. Kisha akanyamaza. Kisha mzee akagundua kwamba hachani tena nywele kabla ya kutoka nje, na hapo ndipo alipovuka barabara kwa mara ya kwanza kwenda kuzungumza na Bwana Yadi kiungwana.

Bwana Yadi alikuwa getini na wateja wawili. Alimsikiliza huku akizungusha funguo kidoleni.

"Mzee, nasikia zamani ulikuwa mpima ardhi?"

"Nilikuwa msaidizi wa mpima. Miaka thelathini na moja."

"Msaidizi ndiyo nini? Ndiyo yule anayeshika ncha ya tepu?"

"Ndiyo."

"Yaani miaka thelathini na moja umeshika ncha!" Aliwageukia wateja wake. "Ameshika ncha mpaka kazeeka, sasa anataka kushika na barabara."

Walicheka. Mzee Tepu alirudi kwake, akafunga geti polepole, akaingia ndani, akasimama mbele ya cheti chake cha shule ya jioni kilichotundikwa sebuleni. Alikuwa amekipata akiwa na miaka ishirini na tisa, baada ya kutwa nzima ya kukata vichaka na kupigilia vigingi, akisoma hesabu na miguu bado ina matope. Neno lile, ncha, lilikaa kooni mwake kama mwiba wa samaki, na tangu siku hiyo hakula akashiba.

Sasa kilikuwa kimeongezeka kiti cha plastiki.

Jumapili, majirani wengine wakiwa wamepumzika, mzee alichukua jembe dogo akafukua kona ya uwanja wake, chini ya michongoma. Halikuwa refu shimo lenyewe. Jiwe la mpaka lilikuwa pale pale, na namba yake imechongwa juu, safi kama jana. Katika mtaa mzima, ukiondoa jiwe kuu la njia panda, lilibaki hilo tu. Mengine yote yalizikwa chini ya zege na watu ambao hawakujua wanazika nini.

Alileta tepu yake ya chuma, zawadi ya kustaafu, akaigandamiza ncha juu ya jiwe kwa kipande cha tofali, akavuta hadi ng'ambo, akapenya katikati ya magari mawili mpaka kwenye ukuta wa Bwana Yadi. Akasoma. Futi thelathini na mbili.

Barabara ile, kwa ramani, ilikuwa ya futi arobaini.

Mzee Tepu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Futi nane! Ndiyo maana pikapu ilikosa pa kugeuzia. Mtu kajenga ukuta juu ya barabara ya watu, barabara ikawa nyembamba, kisha akavunja benchi la mama wa watu kwa sababu barabara ni nyembamba. Alirudi akikunja tepu kwa mwendo wa bwana harusi. Alipofika kwenye jiwe lake tabasamu likapungua kidogo.

Kwa maana alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, ukimtoa mkewe. Katika futi zile nane, tano zilikuwa za Bwana Yadi. Tatu zilikuwa zake.

Siku mtaa ulipopimwa yeye alikuwa kijana wa kazi, na tepu ya ofisi ilikuwa mbovu. Mlango wa gari la kazi ulikuwa umebana mwanzo wake, futi tatu za kwanza zikapondeka, zikakatwa. Tepu mpya haikuja. Basi wakafanya kazi na ile ile, ambayo mwanzo wake ulikuwa namba tatu. Ukitaka kuweka futi arobaini, ilikupasa uvute hadi arobaini na tatu. Na ili mtu asisahau, kazi ya mshika ncha ilikuwa kupiga kelele kila mara tepu inaponyooka: "Ongeza tatu!" Mpima, akiwa mwisho wa tepu na nyundo mkononi, alijibu "Tatu!" na ndipo kigingi kikapigiliwa. Walipima nusu ya mji namna hiyo.

Asubuhi ile mpima alikuwa amemtukana mbele ya wenzake. Alimkuta anapitia daftari la shule, akasema, "Usiku unasoma, mchana unalala. Mtu wa kushika ncha anataka vitabu vya nini?" Kijana alichukua ncha yake. Walianza na mstari wa ng'ambo, uliotoka kwenye jiwe kuu la njia panda, na huo ulikuwa sahihi kabisa. Kisha wakavuka kupima upana wa barabara, tepu ikanyooka, mpima akasubiri kelele, na kelele haikuja. Alikuwa na haraka ya kwenda kula. Akapigilia kwenye arobaini. Nyumba baada ya nyumba, mstari mzima wa upande huu, kijana alikandamiza ncha kwa kidole gumba akanyamaza kimya, akifurahi moyoni kwamba mkubwa wake atakuja kuumbuka.

Mkubwa wake hakuumbuka. Hakuna aliyerudi kupima. Barabara ikawa ya futi thelathini na saba, upande mmoja ukapata futi tatu za bure, na miaka michache baadaye ofisi ilipogawa viwanja kwa wafanyakazi, kijana yule akapewa kimoja upande huo huo. Alipomsimulia mkewe walicheka mpaka wakashika mbavu. "Ongeza tatu" ikawa msemo wa nyumbani, wa sukari kwenye chai na wa mito kitandani.

Sasa haikuchekesha. Ikiwa barabara itapimwa kutoka jiwe lake, Bwana Yadi atapoteza futi nane. Ikipimwa kutoka njia panda, Bwana Yadi atapoteza tano, na michongoma itakwenda, na pengo la benchi litakwenda.

Alifukia jiwe nusu, ili lionekane, akaingia ndani kuandika barua kwa manispaa. Aliiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na matusi. Ya pili ilikuwa na kejeli. Ya tatu ilikuwa na sarufi tupu, aya nne zilizopangika, na hiyo ndiyo aliyoipeleka kwa mkono wake. Ndani yake alitaja ukuta, futi nane, usalama wa wapita njia na namba ya jiwe. Tepu iliyokatwa hakuitaja.

"Umewaambia yote?" mkewe alimuuliza.

"Nimewaambia yanayotosha."

Mpima wa manispaa alifika baada ya wiki tatu, saa nne asubuhi. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, buti miguuni, chombo cha miguu mitatu begani na kopo la rangi nyekundu mkononi. Alimwamkia mzee na mkewe kwa adabu, akachuchumaa penye jiwe, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Hili ni zuri sana," alisema. "Nimepita mtaa mzima natafuta, yote yamefunikwa. Wewe umelitunzaje?"

"Sikung'oa michongoma."

"Basi tutaanzia hapa."

Bwana Yadi aliitwa, akatoka na simu sikioni, akaambiwa afungue geti. Geti la chuma likasukumwa upande. Majirani walitoka mmoja mmoja na kusimama kwenye mageti yao, mwalimu, nesi, na wengineo, ambao hawakuwa wamesimama nje namna ile kwa miaka. Binti alimpa mzee ncha ya tepu aishike juu ya jiwe, kwa kuwa msaidizi wake alikuwa ameenda kuzuia magari njia panda. Kisha akavuka, akapita getini, akaingia uwanjani kwa Bwana Yadi, akapiga mstari mwekundu kwenye zege.

Mstari ulipita katikati ya nguzo za baraza.

"Hii nini?" Bwana Yadi alikata simu. "Hii nini, dada?"

"Mpaka wako wa mbele unaishia hapa. Ukuta na kila kilicho mbele ya mstari kipo kwenye barabara."

"Baraza? Baraza langu lote?"

"Nguzo zote mbili."

Mzee Tepu, amechutama na kidole gumba juu ya ncha, alihisi utamu ambao hakuwahi kuuhisi siku ya harusi wala siku ya cheti. Alitaka dakika ile ikae. Alitaka aitazame kama mtu anavyotazama picha.

Nyuma ya nguzo, kwa kuwa geti lilikuwa wazi, kulionekana cherehani, na nyuma ya cherehani mwanamke amesimama, mkono mmoja umeshika kitambaa kisichokwisha kushonwa. Alikuwa mke wa Bwana Yadi. Alitazama mstari mwekundu, akatazama cherehani yake, akapima kwa macho. Kisha akainua uso, akamwona mke wa mzee ng'ambo, ameketi kwenye kiti cha jikoni katika pengo la michongoma.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu! Kumbe uko hapo?"

"Nipo, mama. Miaka yote nipo hapa hapa."

"Basi ni cherehani! Mimi naisikia kila siku nadhani jirani ana redio mbovu."

Mwanamke alicheka, akafuta macho kwa kile kitambaa. "Mimi nakusikia ukikohoa. Nikisikia kikohozi nasema, leo mama ameamka."

"Njoo basi siku moja."

"Nitapita wapi, mama, na magari haya?"

Mke wa mzee aligeuka polepole, kwa namna nyonga yake ilivyomruhusu, akamtazama mumewe pale chini.

"Baba," alisema, kwa sauti ya chini, "leo umepiga kelele?"

Mzee aligandamiza ncha kwa nguvu zaidi.

"Nakuuliza. Umepiga kelele, au umenyamaza tena?"

"Michongoma yako itakwenda," alinong'ona. "Pengo lako litakwenda. Unaelewa?"

"Pengo la kutazamia bampa? Na liende."

Ng'ambo Bwana Yadi alikuwa amepandisha sauti. Alikuwa anamwambia binti kwamba kipimo hakiwezi kuwa sahihi, kwamba anawajua wakubwa wa manispaa, kwamba huyu mzee ana chuki naye. Akamnyooshea kidole. "Unamwamini huyo? Huyo anajua nini? Huyo alikuwa wa kushika ncha tu!"

Wengine wanasema mzee alifanya vile kwa ajili ya mkewe. Wanamheshimu bure. Mkewe alikuwa amemfikisha ukingoni, hiyo ni kweli, lakini aliyemsukuma ni Bwana Yadi. Mzee Tepu aliinuka wima, magoti yakalia, akajaza kifua hewa na kupiga kelele kwa sauti iliyokuwa imekaa ndani yake miaka hamsini kasoro:

"Ongeza tatu!"

Binti akauliza kwa mbali, "Umesemaje, mzee?"

"Jiwe hili lina makosa ya futi tatu. Rudi njia panda upime kutoka jiwe kuu, utaona." Akamgeukia Bwana Yadi, na sasa alisema taratibu, kila neno na nafasi yake. "Mimi ndiye niliyeshika ncha siku ya mtaa huu. Barabara hii ina upana huu kwa sababu mimi nilinyamaza. Nyumba zote za upande huu zimesimama zilipo kwa sababu mimi nilinyamaza. Baraza lako linabaki leo kwa sababu nimesema. Sasa waulize wakubwa wako kama mshika ncha ni mtu."

Binti alirudi njia panda. Alipima mpaka saa nane. Aliporudi alikuwa akimtazama mzee kwa jicho la ajabu, nusu kumlaumu na nusu kumpigia saluti. Alifuta mstari wa barazani, akapiga mwingine futi tatu mbele yake. Nguzo zikapona, cherehani ikapona. Ukuta haukupona. Kisha akavuka upande huu, akaanza kupiga mstari mwekundu ndani ya michongoma, na akaendelea, kiwanja hadi kiwanja, chini ya mageti na kuta zilizojengwa juu kabisa ya mpaka. Kila ukuta wa upande huu ulikuwa umeingia barabarani futi tatu kamili.

Mwalimu alikuja jioni ile ile, bila hodi.

"Mzee, ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote hii? Unatuona tunachimba msingi, tunapandisha tofali, na wewe umekaa kimya?"

"Mlikuwa mnaniuliza kama nafuga mbuzi," alisema Mzee Tepu. "Hamkuniuliza kuhusu mpaka."

Manispaa ilitoa siku tisini. Kuta zikaanguka moja moja, na vumbi lake lilitua juu ya magari ya kila mtu bila upendeleo. Wachache walijenga upya, wakarudi nyuma. Wengi hawakuwa na moyo wa kujenga mara mbili, wakafunga waya, wakapanda michongoma kando ya waya, wakisema ni ya muda tu. Bwana Yadi alipobomoa alikuta uwanja uliobaki haumezi gari kwa urefu. Likiingia, buti linabaki nje juu ya mstari, na manispaa ilikuwa imepiga marufuku buti nje ya mstari. Magari yakahamishwa mjini, mengine yakauzwa haraka. Barabarani hapakuwa tena na foleni ya pua kwa buti, kwa sababu gari sasa lilionekana na kila mtu, na mwenye nalo alionekana pia.

Mtaa haukumsamehe mzee. Kwa miezi walipita wakimsalimia mkewe peke yake, "Shikamoo mama," macho yao yakimruka yeye kama dimbwi. Hakujali sana. Alitengeneza benchi jingine la saruji, futi tatu nyuma, na kila alasiri mke wa Bwana Yadi alivuka na kazi yake ya mkono, akaketi kwenye benchi lile, na wanawake wale wawili walicheka pamoja hata mzee akahamia upande wa pili wa nyumba kwa hasira. Hakuwa amepigana vita vyote vile ili mtu wa nyumba ile aje kunywa chai kwake. Lakini mkewe alikuwa anachana nywele tena.

Kabla ya hayo, siku ile ile benchi lilipokauka, alikwenda pembeni mwa nyumba, akakichukua kile kiti cha plastiki, akapangusa utando wa buibui. Karatasi ya dukani bado ilikuwapo. Akavuka nacho barabara, mchana kweupe, akakitua uwanjani kwa Bwana Yadi, miguu ya mbele juu kabisa ya mstari mwekundu.

"Nimekirudisha," alisema. "Mke wangu ana benchi."

Bwana Yadi hakukiondoa kiti. Hakuwa na ukuta wa kujificha wala gari la kuosha pale, na baraza lilikuwa la cherehani, basi asubuhi moja akaonekana amekikalia, chai mkononi, anatazama barabara kama mtu aliyeshushwa kwenye kituo asichokijua. Nesi akapita, ikabidi amsalimie. Mwalimu akapita. Kila aliyepita alikuwa na macho, na hapakuwa na kioo cha kupandisha.

Mzee Tepu alitoka saa ile ile kila siku kwenda kukagua. Alivuta tepu kutoka ukingo wa barabara hadi mstari, akatazama kama kuna gurudumu limezidi, akaandika kwenye kijidaftari. Kisha akasimama mbele ya kile kiti, hatua tatu tu, akasubiri. Hakuwa na haraka. Mkubwa haamkii mdogo.

Bwana Yadi alitazama kikombe. Akatazama juu. Akakohoa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Tepu alianza kuikunja tepu. Aliikunja futi kwa futi, bila kuinua macho, mpaka ikaingia yote na ncha ikalia tiki kwenye kasha lake. Akaitia mfukoni. Akafunga kifungo cha mfuko.

"Marahaba," alisema, akageuka kwenda zake. Na kesho yake akaja tena.